Nyuma ya Msalaba Kuna Nini?

Hotuba hii ilitolewa jioni mbele ya wanachama na wageni wa klabu ya walenga shabaha. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha. Wenzetu ambao hamkuwahi kufika, hii hapa yote.

Wazee wetu, mabibi na mabwana, vijana mliojibanza karibu na mlango, hamjambo?

Kabla sijaanza nina ombi. Nimemwambia ndugu yetu wa umeme apunguze taa za ukumbi huu mpaka tuonane nyuso kwa shida. Msiogope, hakuna anayeuzwa. Naomba na simu ziingie mifukoni, zikae huko huko. Sababu nitaitoa baadaye, na mkaidi atajijua mwenyewe tukifika mwisho.

Nimeitwa nizungumzie darubini za bunduki ambazo msalaba wake unawaka. Wataalamu huuita retikuli, wengine alama, wengine nywele. Mimi nitasema msalaba, hata pale penye nukta tupu, mnivumilie. Kila wiki naulizwa swali moja: "Mwalimu, ipi inawaka vizuri?" Na kila wiki najibu kwa swali: inawaka mbele ya nini?

Mbele ya nini? Hilo ndilo nililokuja nalo leo. Sina jingine.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Wapo wanaoamini kwamba taa hii inasaidia kumwona mnyama gizani. Haisaidii. Haimmuliki mnyama, haimuliki karatasi ya shabaha, haimuliki kichaka. Inaumulika msalaba tu, na mwanga wake unakuja upande wako, ndani ya jicho lako. Mnyama anabaki na giza lake kama alivyokuwa.

Basi kwa nini waliiweka? Kwa sababu msalaba mweusi una adui mmoja: weusi mwenzake. Misalaba ya zamani ilikuwa waya mwembamba, unywele, hata uzi wa buibui uliotandwa ndani ya bomba. Mchana ilitosha kabisa. Jioni, mstari mweusi ukilala juu ya ngozi nyeusi ya mnyama aliyesimama kivulini, unamezwa. Wajerumani walijibu kwa kuunenepesha. Ule msalaba wao namba 4 una nguzo tatu nene, kushoto, kulia na chini, ili hata mistari ya katikati ikipotea, nguzo zikuonyeshe katikati ni wapi. Wasovieti wakajibu kwa kitaa. Darubini ya PSO-1 ilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ya Dragunov, iliyoingia jeshini mwaka 1963, nayo ilikuwa na betri na swichi ya kuwasha msalaba. Siku hizi ndani ya darubini nyingi kuna kioo kilichochongwa mistari, mistari ikajazwa kitu cheupe kinachorudisha mwanga, na pembeni, mahali jicho halifiki, pamefichwa taa ya LED inayokula betri bapa ya volti 3, ile CR2032 iliyomo kwenye rimoti za magari.

Sasa nisikilizeni, nijisengenye kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa juu ya mti pembeni mwa shamba la mahindi lililokuwa likiharibiwa na nguruwe pori. Jua likazama. Akatoka mmoja, kivuli kizito, kama hatua 70 kutoka mtini. Msalaba mweusi nikautafuta, sikuuona. Nikafanya anachofanya kila mgeni wa darubini hizi: nikazungusha kifundo cha taa mpaka namba ya mwisho. Lo! Katikati pakawaka kama kaa la jikoni. Msalaba nikauona barabara. Nguruwe je? Hayupo. Hakukimbia, alikuwa pale pale, ila wekundu ulikuwa umetambaa kwenye vioo ukafanya ukungu, nami nikawa naichungulia taa yangu mwenyewe. Nikaanza kushusha. Kumi, tisa, nane, nikaenda hivyo mpaka ya pili. Ukungu ukaondoka. Na mle hamkuwa na nguruwe mmoja. Walikuwa watatu: jike, na watoto wawili nyuma ya miguu yake, kwenye njia ile ile ambayo risasi ingepita.

Niliteremka mti ule bila kufyatua.

Nawauliza: bunduki ilikuwa mbovu? Darubini ilikuwa ya bei ya chini? Taa ilikosa nguvu? Hapana, hapana, na hapana. Nilichagua namba kwa kuutazama msalaba. Nilipaswa kutazama kilicho nyuma yake. Tangu siku ile ninaanza na sifuri. Namtazama mnyama, siutazami msalaba, napanda namba moja moja mpaka nitambue tu kwamba msalaba upo. Napofika hapo nasimama. Na ni lazima kupanda, maana anayeshuka kutoka juu jicho lake limeshachomwa, litamwambia namba nne ni giza wakati ni nyingi.

Na kama mwanga umepungua kiasi kwamba msalaba nauona lakini mnyama siwezi kusema ni nani, dume au jike, mmoja au watatu? Hapo kazi imekwisha. Taa inaweza kukuonyesha msalaba mpaka usiku wa manane. Haikupi ruhusa ya kupiga usichokijua.

Tuje mchana. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa lux. Jua la utosi kwenye anga safi hutoa karibu lux 100,000. Mawingu yakifunika unabaki na 10,000, wakati mwingine 1,000. Jua likishazama na kufika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, zimebaki kama 3. Mbalamwezi ya mwezi mpevu hata 1 haifiki, ni robo hivi. Pigeni hesabu, kutoka adhuhuri hadi mbalamwezi ni mara laki nne! Na kifundo chako kina namba 6, au 10, au 11. Ulitegemea muujiza gani?

Kijana mmoja alinijia mchana kweupe, amefura. Darubini mpya, taa imekufa, anataka arudishiwe pesa zake. Ilikuwa mkononi, bado haijafungwa kwenye bunduki. Nikamwambia aitazamie ukuta uliopakwa chokaa. "Unaona? Msalaba mweusi tu." Nikamgeuza bega akaelekea mlango wa ghala uliokuwa wazi, ndani giza. Akanyamaza. Msalaba ulikuwa mwekundu. Saa ile ile, namba ile ile, betri ile ile. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kilicho nyuma.

Darubini yake haikuwa na ubovu. Kioo cha mistari ya kawaida hutawanya mwanga wa LED kila upande, na sehemu ndogo tu ndiyo inayoelekea jichoni. Mbele ya ukuta wa chokaa kwenye jua, sehemu hiyo ni kama mshumaa uliowashwa uani saa sita. Wala hakuna haja ya kuuwasha! Juu ya karatasi nyeupe, juu ya mchanga, juu ya theluji, mbele ya anga la mawingu, msalaba mweusi hauna mpinzani. Zima, betri ipumzike.

Lakini si kila mchana ni mweupe. Nyati aliyesimama ndani ya kichaka kizito saa sita ni ukuta mweusi, na hapo taa yenye nguvu ndiyo inayotakiwa. Watengenezaji wanazo njia mbili. Ya kwanza, wanauvuta mwanga wa LED kwa uzi mwembamba wa kioo mpaka nukta ndogo ya katikati, usipotelee njiani. Ya pili, wanachonga vijifereji visivyoonekana kwa macho vinavyoupinda mwanga uelekee moja kwa moja kwa mlengaji. Hizo kweli zinaonekana juani. Gharama yake ni kwamba mara nyingi ni katikati tu panapowaka, betri inaliwa haraka, na kwenye baadhi ukisogeza jicho kidogo kando nukta inapungua nguvu.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana watu wazoefu hukosea kuliko wageni.

Mwaka 1987 kampuni ya Trijicon ya Marekani ilitoa darubini ya ACOG. Nyingi katika jamii hiyo hazina betri hata moja. Mgongoni zimelazwa nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga wa mchana na kuupeleka kwenye msalaba, na usiku kazi inachukuliwa na tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu inayowasha kitu cha kung'aa bila swichi. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, kwa hiyo anayenunua iliyotumika aulize umri kwanza. Werevu wa ajabu, sivyo? Jua likiwa kali msalaba unakuwa mkali, wingu likija unafifia wenyewe. Mkono wako haugusi chochote.

Lakini hebu simama na darubini kama hiyo chini ya paa la uwanja wa kulenga, kivuli kizuri, shabaha ziko nje juani. Msalaba unafanya nini? Unafifia, kwa sababu nyuzi zimelala kivulini. Pale unapouhitaji uwe mkali ndipo unapokuwa hafifu. Nimesimama hapo, nimeona. Sasa geuza: wewe uko juani, shabaha iko ndani ya kichaka au nyuma ya dirisha la chumba kisicho na taa. Nyuzi zinakunywa jua, msalaba unalipuka, unaifunika shabaha kama kaa langu la mtini. Wanajeshi waliozitumia walipata dawa ya mtaani: wanabandika utepe juu ya nyuzi, wanaacha upenyo kidogo tu. Darubini ya gharama, tiba ya utepe!

Kwa nini inatokea? Uzi unasoma mwanga wa ulipo wewe. Msalaba unahitaji mwanga wa ilipo shabaha. Mkikaa wote juani, au wote kivulini, hakuna shida. Mkitengana, mmepotezana. Na zile zenye jicho la umeme la kupandisha na kushusha taa zenyewe huanguka shimo hilo hilo iwapo jicho lao linapima mwanga ulioko juu ya kofia yako. Ndiyo maana mimi, mtu mzima na mvivu wa kawaida, bado napenda kifundo cha kuzungusha kwa vidole. Na nikichagua, nachagua kile chenye nafasi ya kuzima katikati ya kila namba na nyingine, nijipatie yangu jioni, nizime, na nikihitaji iwe hatua moja tu.

Nimesema juu ya shabaha, nimesema juu ya darubini. Bado kiungo cha tatu, na ndicho kilichonifanya nizime taa za ukumbi huu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Bohemia, nchi ambayo leo ni Ucheki, jina lake Jan Evangelista Purkyně, alipenda kutembea bustanini kabla ya mapambazuko. Akaona jambo. Maua yake mekundu, ambayo mchana yaliwaka kuliko majani, alfajiri yalikuwa meusi, na majani ndiyo yaliyong'aa. Maua yale yale! Jua likipanda, mambo yanageuka. Aliyebadilika ni nani, maua au mtazamaji?

Mtazamaji. Nyuma ya jicho tuna seli za aina mbili. Koni, kama milioni 6, zinafanya kazi ya mchana na zinatambua rangi. Fimbo, kama milioni 120, zinafanya kazi ya giza, na kwao dunia haina rangi. Mchana jicho linauona vizuri zaidi mwanga wa kijani-manjano, ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 555. Gizani kilele kinahamia 507, kijani kinachoelekea buluu, na wekundu unabaki nyuma kabisa. Fimbo ni kama vipofu wa wekundu mzito. Hilo ndilo aliloliona Purkyně kwenye maua yake, na ndilo linaloamua rangi ya msalaba wako.

Fuatilieni basi. Fimbo huamka polepole. Koni zinazoea giza kwa dakika 10 hivi, fimbo zinataka 30 hadi 40. Ukizimulika kwa mwanga mweupe kwa muda mfupi tu, hesabu inaanza upya. Lakini mwanga mwekundu, kwa kuwa hauzisumbui, unaziacha zimeamka. Kwa hiyo msalaba mwekundu, ukiwa mdogo, husomwa na koni za katikati ya jicho huku fimbo za pembeni zikiendelea kumwangalia mnyama. Ni ushirika mzuri sana. Kijani je? Kijani kinagonga mlango wa wote wawili. Mchana kwa nguvu ile ile ya taa kinaonekana zaidi, na hiyo ni faida. Usiku hata namba ya chini kabisa inaweza kuwa kelele. Na juu ya nyasi mbichi, kijani juu ya kijani... mbele ya nini, ndugu zangu? Mbele ya nini?

Nisieleweke kwamba napiga marufuku kijani. Wapo wanaume ambao macho yao hayashiki wekundu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani kwa kiwango fulani, na wengine miongoni mwao huuona wekundu kama majivu. Nimewahi kubishana nusu saa na mzee mmoja aliyesisitiza kwamba taa yake haiwaki, mimi naiona inawaka, yeye anaapa haiwaki. Tulikuwa wakweli wote wawili. Tulipombadilishia ya kijani alicheka peke yake.

Na kuna kituko kingine cha jicho: pale katikati kabisa, unapotazama kitu uso kwa uso, hakuna fimbo hata moja. Ukitaka ushahidi, tafuta nyota hafifu usiku, ikazie macho, inapotea. Tazama kando yake kidogo, inarudi. Sasa darubini inakulazimisha kumtazama mnyama katikati. Gizani kweli kweli, mahali unapolenga ndipo jicho lako lilipo kipofu, na hakuna kifundo cha kurekebisha hilo.

Yaliyobaki nitayapitia mbio, maana dirishani naona anga linageuka rangi.

Jioni shusha ukuzaji. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma. Lenzi ya milimita 50 kwa mara 12 inakupa 4 na kidogo. Kwa mara 6 inakupa zaidi ya 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama 7, ya wazee wenzangu labda 5, kwa hiyo usibebe lenzi ya sahani ukidhani itakurudishia ujana. Ila kumbuka, kama msalaba wako uko mbele ya mfumo wa kukuza, ukishusha ukuzaji nao unasinyaa mpaka uzi wa buibui unarudi. Hapo ndipo taa ndogo inapolipa deni lake. Kama msalaba uko nyuma ya mfumo huo, unene haubadiliki na taa unaihitaji kwa nadra zaidi.

Ukiona nukta yako ina miguu kama nyota au mkia kama mkato, usikimbilie kurudisha darubini dukani. Izungushe mkononi. Mkia ukibaki palepale wakati darubini inazunguka, mkia ni wa jicho lako, kamwone daktari wa macho. Kupunguza taa huupunguza. Na betri ya akiba iwe kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huilegeza.

Basi. Tumekaa kwenye utusitusi huu karibu nusu saa. Mlipoingia hamkuona hata namba za viti, sasa naona mnasoma maandishi ya ukutani. Fimbo zimeamka. Isipokuwa za yule bwana wa mstari wa nne aliyefungua simu dakika mbili zilizopita, uso ukamng'aa kama mwezi. Nilimwona, na ninyi mlimwona.

Tutoke uwanjani sasa. Kwenye meza kuna bunduki tatu, bolti ziko wazi, hakuna risasi. Nimezikagua, na kila atakayeshika atazikagua tena. Mbali mmewekewa vibao vitatu: cheupe kwenye nyasi kavu, cha kahawia, na cheusi mbele ya kichaka. Taa zote ziko sifuri. Tazama kibao, pandisha namba moja moja, msalaba ukitambulika simama, iandike. Fanya hivyo kwa vibao vyote vitatu, rudisha sifuri, mpishe mwenzako. Wazee watangulie. Bwana wa simu atakuwa wa mwisho, na namba zake tutazisoma kwa sauti.